Maporomoko ya Sanje kwa miguu: mwongozo kamili wa kupanda na kushuka korongo la Udzungwa

Ukisimama kijijini Sanje asubuhi yenye anga safi, mashamba ya miwa ya Kilombero yakiwa mgongoni kwako na milima ikiwa usoni, utaona mstari mweupe umening'inia katikati ya msitu. Kwa mbali ni kama kanga iliyoanikwa ikasahaulika. Mstari ule ni maji, yanashuka kwa hatua kiasi cha mita 170, na kuyafikia ni kazi ya miguu tu. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa haina barabara ya gari ndani yake. Hata mwenye pesa ya kukodi gari la kifahari ataliacha chini, apande kama sisi wengine.

Nimepanda Sanje mara nyingi, na wadogo zangu, na wenzangu wa kazini, na safari moja na mama yangu mdogo mwenye miaka 50 na kitu, aliyetuacha nyuma wote kwa mwendo wake wa pole usiokatika. Katika safari hizo nimejifunza jambo moja ambalo ningependa kila anayepanga kwenda alibebe: watu hawaumii wakipanda. Wanaumia baada ya kufika, kwenye mawe ya pembeni ya maji, au wakishuka, miguu ikiwa imechoka na akili imeshatangulia kwenye wali wa Mang'ula. Kwa hiyo mambo ya mwanzo nitayapitia haraka, halafu nikae sana majini na kwenye mteremko wa kurudi.

Kwanza, ujue unakwenda wapi

Udzungwa ndiyo milima mikubwa kuliko yote katika Tao la Mashariki, ule mlolongo wa milima ya kale unaoanzia Taita kule Kenya, ukapita Pare, Usambara, Nguru na Uluguru hadi huku. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1992 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990. Upande wa mashariki, unaotazama bonde la Kilombero, msitu unaanza chini karibu mita 250 kutoka usawa wa bahari na kupanda bila kukatika hadi zaidi ya mita 2,000. Upande huohuo ndio unaopokea upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Upepo ukigonga ukuta wa mlima hupanda, hupoa, na kumwaga mvua, ndiyo maana mito ni mingi na makorongo ni makali kiasi kile.

Hii si habari ya darasani tu. Inakuambia mambo mawili ya vitendo. La kwanza, chini utapanda katika joto la bondeni lenye unyevu. Jasho halikauki mwilini, na maji unayopoteza ni mengi kuliko unavyodhani. La pili, mvua inaweza kunyesha juu, usikokuona, wakati wewe chini unaota jua. Hilo la pili nitalirudia, kwa sababu ndilo lenye hatari kubwa zaidi.

Chagua msimu, kisha chagua saa

Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba. Njia imekauka, mawe yanashika, na maji bado yapo kwa sababu msitu unayatunza na kuyaachia kidogo kidogo. Machi hadi Mei ni masika: maporomoko yanapendeza kuliko wakati wowote, lakini udongo ni utelezi mtupu. Kama ni safari yako ya kwanza, au una watoto na wazee, usiende masika. Novemba hadi Februari mvua huja na kuondoka. Inawezekana, ila uwe tayari kughairi.

Siku ya safari, anza kupanda saa 1 asubuhi, ukichelewa sana saa 2. Kwenda na kurudi kwa mwendo wa kawaida, pamoja na kupumzika majini, ni kama saa 4 au 5, na kundi kubwa huongeza saa nzima juu yake. Ukianza saa 5 asubuhi utapanda jua likiwa utosini na kushuka wakati mawingu ya mchana yanajikusanya milimani.

Kufika

Kutoka Dar es Salaam, barabara ni ya Morogoro hadi mji wa Mikumi, na kabla ya kufika mji huo utakuwa umekatiza ndani ya Hifadhi ya Mikumi. Dereva apunguze mwendo hapo, wanyama wanavuka barabara. Mikumi mjini unaiacha barabara kuu ya Iringa na kukata kushoto kuelekea Kidatu na Ifakara. Mang'ula, yaliko makao makuu ya hifadhi, ni kilomita zipatazo 60 mbele. Angalia kwamba ukitoka upande huu unapita Sanje kwanza kabla ya Mang'ula. Usishuke Sanje ukidhani umefika. Taratibu zinaanzia makao makuu, kisha ndipo unarudi nyuma kiasi cha kilomita 10 hadi kituo cha Sanje inakoanzia njia.

Wanaotumia usafiri wa umma wana chaguo. Tangu Juni 2024 treni ya SGR inakufikisha Morogoro mapema kuliko basi. Ukishuka, chukua bajaji hadi stendi ya Msamvu, ukaulize basi la Ifakara. Treni ya TAZARA nayo hupita Mang'ula, na ni safari ya kupendeza, ila ulizia ratiba siku chache kabla wala usiifunge na siku yako ya kupanda. Vyovyote utakavyokuja, lala Mang'ula. Safari ya siku moja kutoka Dar, kupanda na kurudi, ni kujitafutia ajali ya barabarani au ya mlimani.

Ulale ndani ya chandarua. Kilombero ni bonde la malaria, na si kwa bahati kwamba taasisi kubwa ya utafiti wa ugonjwa huo iko Ifakara.

Getini

Beba kitambulisho cha NIDA. Bila kitu cha kuthibitisha uraia unaweza kutakiwa kulipa kama mgeni, na tofauti yake inauma. Malipo hufanywa kwa kontroli namba, kwa simu au benki, kwa hiyo uwe na salio kwenye simu badala ya noti mfukoni. Pamoja na kiingilio kuna malipo ya kuongozwa. Uliza kila kiasi kabla, ujue unalipia nini.

Utapewa askari wa uhifadhi au mwongozaji, na ukiingia ndani ya msitu huyo ndiye mwenye amri. Silaha yake si ya pambo. Udzungwa ina tembo na nyati, na tembo wa huku wanapanda miteremko ambayo huwezi kuamini mnyama wa uzito ule anaipita. Mkikuta kinyesi kibichi njiani, nyamazeni, kaeni nyuma yake, fanyeni anachosema.

Kabla hamjaondoka, muulize afande maswali matatu: mvua ilinyesha lini mara ya mwisho huko juu, mto una hali gani, na mahali gani njiani pameharibika. Anayapita maeneo yale kila wiki, na majibu yake yana uzito kuliko programu yoyote ya hali ya hewa kwenye simu. Akisema leo tuishie bwawa la chini, ishieni hapo.

Mwambie ukweli pia. Kama goti lako ni bovu, kama una pumu au presha, kama kuna mtu anaogopa urefu, aseme pale getini. Nimeshaona kijana mzima ameganda katikati ya njia nyembamba, hawezi mbele wala nyuma, kwa sababu aliona aibu kusema chini.

Cha kubeba

Viatu kwanza. Buti la mlimani lenye soli ya meno ndilo bora, na mitumba mizuri ipo Manzese, Karume na Morogoro sokoni. Raba ngumu yenye soli isiyochakaa inatosha. Ndala hapana. Yeboyebo hapana, hata kama utamwona mtoto wa kijijini akipanda nazo mbio. Yeye anazijua jiwe kwa jiwe. Kata kucha za vidole vya miguu siku mbili kabla, kwa sababu kwenye kushuka vidole vinasukumwa mbele muda wote, na kucha ndefu hugeuka nyeusi.

Suruali ndefu nyepesi na shati la mikono mirefu, hata kwenye joto. Kuna upupu pembeni ya njia, na mtu akishaguswa nao haoni tena uzuri wa kitu chochote siku ile. Akiguswa, asijikune. Abandike plasta au mkanda wa gundi juu ya ngozi na kuubandua ili utoe vile vinywele, ndipo aoshe. Soksi zivutwe juu ya suruali kwa ajili ya siafu na kupe.

Maji lita 2 au 3 kwa kila mtu. Msiyanywe ya mtoni bila kuyatibu, hata yakiwa maangavu kama kioo, maana juu yenu kuna nyani, nyati na tembo wanaoyatumia maji hayohayo. Chakula kisiwe na mambo mengi: mayai ya kuchemsha, chapati, karanga, ndizi. Ongeza pakiti moja ya ORS, bandeji pana ya kunyumbuka, plasta, filimbi, tochi ya kuvaa kichwani hata kama mnapanga kurudi mchana, mfuko mgumu wa plastiki wa kukinga simu, na nguo moja kavu. Vyote viingie kwenye begi la mgongoni. Mikono ibaki mitupu, isipokuwa mmoja wenye fimbo.

Fimbo, tafadhali. Watu wanaiona ya wazee. Mimi siku hizi siendi bila fimbo imara inayonifika kwenye kiwiko.

Kupanda

Mwendo wa kupanda ni ule unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kukata pumzi. Anayeongoza kasi awe yule mwenye mwendo mdogo kuliko wote, na mwenye nguvu akae nyuma. Makundi mengi hufanya kinyume. Vijana wanatangulia, wanapumzika wakisubiri, na aliyechoka akifika tu wanaondoka, kwa hiyo anayehitaji kupumzika ndiye pekee asiyepumzika.

Njia ya Sanje inaingia msituni mapema na mwinuko wake hauchelewi. Kanyaga soli nzima, hatua fupi. Penye kona kali, pinda na njia. Usikate mkato, maana mkato ukikanyagwa na watu 20 hugeuka mfereji, na mvua inayofuata inaondoka na udongo. Kila nusu saa simameni dakika 5, kunyweni maji hata asiyesikia kiu.

Kwenye vituo hivyo inueni macho. Utaona mbega wekundu wa Udzungwa juu ya miti, kichwani wana kofia ya manyoya ya rangi ya kutu, na mbega weusi wenye mashungi meupe mabegani. Ukiwa na bahati utamsikia mangabei wa Sanje, nyani mdogo wa kijivu mwenye nywele za kahawia iliyofifia kichwani, ambaye sayansi haikumjua hadi mwaka 1979, na ambaye haishi mahali pengine popote duniani zaidi ya milima hii. Huwa napenda kuwaambia watoto hilo: jina la kijiji hiki wanalotamka wataalamu wa Ulaya na Marekani ni kwa sababu ya mnyama huyu. Msiwape chakula. Nyani aliyezoea ndizi za watu humalizia kuwapora.

Majini

Sasa tumefika kwenye sehemu yenyewe.

Utasikia maji kabla ya kuyaona. Kisha hewa inabadilika, ubaridi unakugusa usoni, majani yanaanza kudondosha matone ingawa hakuna mvua. Hapo ndipo kila mtu huongeza mwendo, na hapo ndipo unapotakiwa kuupunguza nusu. Kuanzia yanapoanzia manyunyu, ardhi ni nyingine.

Safari yangu ya kwanza nilivaa raba za kukimbilia zilizokwisha soli. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka bwawani, nimeinua uso kutazama maji yanavyoanguka, nikakanyaga jiwe jeusi. Sikujua hata nimeangukaje. Nilijikuta nimekaa, kifundo cha mguu wa kulia kimepinda ndani, na maumivu yamenipanda hadi kooni. Afande alichuchumaa pembeni yangu, akanipa pole, akasema kwa upole kabisa: "Dada, huku ni miguu kwanza, macho baadaye." Kisha akachukua kiganja changu akakipitisha juu ya lile jiwe. Lilikuwa na utando mwembamba, laini, unaovutika kama ute wa bamia. Kwa macho huuoni kabisa. Unaona jiwe safi linalong'aa.

Kwa hiyo, jifunze mawe. Jiwe jeusi linalong'aa kama sufuria iliyopakwa mafuta: usilikanyage. Jiwe la kijani: usilikanyage, hata likiwa bapa na linakukaribisha. Jiwe la kijivu, lenye vumbi au lenye chembe za kukwaruza: hilo linashika. Mizizi na magogo yaliyolowa ni hatari kuliko mawe. Yavuke kwa kuyaruka, usiyakanyage juu. Usipokuwa na uhakika, weka ncha ya kiatu, bonyeza, zungusha kidogo kama unayezima sigara. Kikiteleza hapo, kitateleza zaidi ukikipa uzito wote. Tembea umechuchumaa kidogo, fimbo ikiwa upande wa maji, na hakikisha viungo vitatu kati ya mikono, miguu na fimbo viko imara kila unapohamisha cha nne. Ukitaka kutazama, simama. Ukitaka kupiga picha, kaa chini.

La picha nalisema bila kuzunguka. Ukingo wa juu ya maporomoko si mahali pa kusimama na kurudi nyuma ukitafuta pozi. Juu ya Sanje kuna mandhari ya bonde zima la Kilombero, miwa imenyooka kama mkeka hadi macho yanapokoma, na unaweza kuyaona yote ukiwa mita 5 kutoka ukingoni, umeketi. Mshika simu na mpigwa picha wote wakae kwanza. Nilishakorofishana na rafiki yangu kwa sababu ya sharti hili, na nitakorofishana na wengine.

Kuogelea: inawezekana kwenye mabwawa, afande akiridhia. Ingieni kwa kutembea, taratibu. Msijirushe, kwa sababu mafuriko hushusha magogo na mawe na kuyaficha chini, na bwawa lililokuwa na kina mwaka jana leo laweza kuwa na jiwe nusu mita chini ya uso wa maji. Msiende chini kabisa ya maji yanayoanguka. Kwanza, yanaweza kushuka na mawe au matawi. Pili, maji pale yamejaa mapovu ya hewa, na maji yenye mapovu hayambebi mtu vizuri; hata mwogeleaji hodari anazama kuliko alivyozoea, huku mkondo ukimsukuma chini.

Na kuna la tatu, ambalo kwa Sanje ndilo kubwa. Maporomoko haya yanashuka kwa hatua. Maana yake, bwawa unalooga lina mlango wa kutokea, na mlango huo ni ukingo wa anguko linalofuata. Kabla hujavua viatu, tembea utazame maji yanatokea wapi na yanaelekea wapi. Kaeni upande wa mbali na mlango huo, watoto wawe ndani ya mkono wa mtu mzima. Nguo au kandambili ikichukuliwa na maji, mwacheni nayo mto.

Mto ukibadilika

Hapa narudia nililosema mwanzo: maji ya korongoni hayatoki pale ulipo. Yanatoka juu, kwenye eneo kubwa la msitu, na korongo linayakusanya kama faneli. Mvua ya nusu saa kule juu inaweza kukufikia ikiwa imekusanya vijito vyote njiani.

Dalili ni hizi, na moja tu inatosha kuwatoa majini. Maji yaliyokuwa maangavu yanaanza kuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Majani na vijiti vinaanza kuelea vingi kwa ghafla. Jiwe ulilokuwa umeweka alama, lililokuwa kavu, limelowa juu. Sauti inabadilika, inakuwa nzito, na pengine utasikia mawe yakigongana chini ya maji. Harufu ya udongo mbichi inakuja na upepo.

Mimi nikifika huchagua jiwe moja dogo pembeni ya maji na kulitazama kila baada ya muda. Ni jambo la sekunde mbili.

Dalili ikitokea, msikusanye vitu, msitafute soksi. Pandeni pembeni, juu ya kingo, mbali na mto. Msikimbilie chini kwa kufuata korongo, maana maji yatawapita. Mkiwa mmeshapanda, subirini. Mafuriko ya makorongo mafupi hupanda haraka na mengi hushuka baada ya saa chache, kwa hiyo kungoja msituni mkiwa na njaa ni bora mara elfu kuliko kuvuka.

Na mkilazimika kuvuka kijito chochote, kanuni ni hizi: maji yasizidi magoti, yasiwe ya rangi ya tope, na msivuke kamwe mahali penye anguko chini yake. Legezeni mikanda ya begi ili mtu akianguka alivue. Tazameni maji yanakotoka, fimbo mbele, mwende kwa kuburuta miguu na viatu vikiwa miguuni. Anayevuka peku anaokoa soksi na kupoteza mguu.

Kushuka

Kabla ya kuanza kushuka, kaeni mle. Si biskuti moja mkononi huku mnatembea; mle kabisa, mnywe, mpumzike dakika 20. Misuli ya mbele ya mapaja imefanya kazi asubuhi nzima na sasa inapewa kazi ngumu kuliko ya kwanza, ya kuuzuia mwili usikimbie. Kisha kaza upya kamba za viatu, hasa kwenye kifundo, mguu usiteleze mbele ndani ya kiatu.

Hatua iwe fupi, magoti yamekunjika kidogo, uzito juu ya miguu. Woga humfanya mtu alale nyuma, na akilala nyuma kisigino ndicho kinachoteleza. Mteremko ukiwa mkali, geuka ubavu na ushuke kama unayeshuka ngazi kiubavuubavu, fimbo ikitangulia chini. Ukiwa mkali zaidi, geuka uuangalie mlima, ushuke kinyumenyume kwa mikono na miguu. Hakuna aibu. Penye udongo uliolegea, kukaa chini na kujisogeza kwa makalio nako ni namna halali ya kushuka; suruali inafuliwa.

Usishike mti bila kuujaribu. Miti mingi midogo pembeni ya njia ni mikavu au imeoza ndani, mingine ina miiba. Vuta kidogo kwanza. Usiingize mkono kwenye tundu au nyuma ya jiwe usilokuona, nyoka wanapenda palepale unapopapasa.

Acheni nafasi ya mita 3 au 4 kati ya mtu na mtu, na penye mawe yaliyolegea asipite mtu chini ya mwingine. Anayeangusha jiwe apige kelele "Jiwe!" papo hapo, hata liwe dogo. Anayesikia asitazame juu. Ajikunyate nyuma ya mti, begi likinga kichwa.

Mkikaribia chini, kwenye ile robo ya mwisho, miti imeanza kupungua, sauti za pikipiki zinasikika, mtu wa mbele anacheka. Magoti yanatetemeka lakini hakuna anayesema. Hapo simameni tena. Kutetemeka kwa magoti ni ishara ya misuli kuishiwa, na mguu ulioishiwa haukamati hata jiwe kavu. Dakika 10, kitu kitamu mdomoni, maji, ndipo mmalizie. Watu wawili ninaowafahamu waliteguka wakiwa wanaliona gari lao.

Mtu akiumia

Mara nyingi itakuwa kifundo cha mguu. Msimvue kiatu haraka. Kinasaidia kubana, na mkikivua uvimbe unaweza kukizuia kurudi. Akae, mguu uinuliwe, bandeji ifungwe kwa mtindo wa namba nane, imara lakini vidole vibaki na joto na rangi yake. Kama hawezi kabisa kukanyaga hatua nne, mchukulieni kama aliyevunjika. Mimi siku ile niliteremka kwa fimbo mbili alizonikatia afande, na kipande cha njia ambacho wenzangu walikishuka kwa saa moja kilinichukua tatu. Tulifika na giza. Tochi ilikuwa moja kwa watu saba.

Aliyegonga kichwa, anayetapika au kuchanganyikiwa, asishushwe kwa kuburutwa na marafiki. Afande aite msaada, wengine mumfunike kwa nguo kavu mkimkinga na manyunyu, asiachwe peke yake. Filimbi tatu mfululizo, kimya, tatu tena. Namba ya dharura ni 112, na ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, lakini mtandao msituni haupatikani kila mahali, kwa hiyo kabla ya kupanda mwambieni mtu wa nyumba ya wageni saa mtakayorudi. Hospitali kubwa iliyo karibu ni ya Mtakatifu Francis, Ifakara.

Mkisharudi

Takataka zote zishuke nanyi, hata maganda ya mayai. Kisha kuna kazi moja ambayo watalii karibu wote huiruka, nami naiombea nafasi hapa.

Upande wa kusini wa milima hiihii kuna korongo la Kihansi. Kwenye manyunyu ya maporomoko yake, katika eneo la kama hekta 2 tu, aliishi chura mdogo wa manjano, mdogo kuliko kidole gumba, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Wataalamu walimgundua mwaka 1996. Mwishoni mwa miaka ya 1990 maji mengi ya mto yalielekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakakauka. Ikabidi wachache wasafirishwe kwenda bustani za wanyama Marekani ili kizazi chao kisikatike, na waliobaki korongoni wakapukutika mwaka 2003, wakati ambapo kuvu aitwaye chitridi, anayeshambulia ngozi ya vyura, alipatikana huko. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kutoweka porini. Uzao wa wale waliopelekwa Marekani ulianza kurejeshwa Tanzania mwaka 2010.

Kuvu huyo husafiri kwenye maji na matope, pamoja na matope yaliyokwama kwenye soli. Ukitoka Sanje leo na wiki ijayo unakwenda Uluguru au Usambara na viatu vilevile, unaweza kuwa umembeba. Kwa hiyo pale bombani Mang'ula, kabla ya kuoga, chukua brashi ngumu na usugue soli hadi matope yote yatoke kwenye meno, pamoja na ncha ya fimbo. Suuza kwa maji yenye kidogo cha dawa ya kuondolea madoa ya nguo nyeupe, kisha anika juani hadi vikauke kabisa ndani na nje, siku mbili au tatu. Usimwage maji hayo mtoni. Yamwage kwenye udongo, mbali na mfereji.